Kigoda cha Dereva

Fundi hakufungua boneti ya gari la mtu kabla mtu huyo hajakaa. Uwe dereva wa lori la mbao, uwe ofisa wa wilaya mwenye haraka zake, ulionyeshwa kigoda cha miguu mitatu pale mlangoni pa karakana yake, nyuma ya soko la Lushoto, ukaambiwa, "Kaa. Lisemee." Gari halina mdomo, kwa hiyo wewe uliyekuwa nalo ndiye unayelisemea. Na yeye alisimama, mikono nyuma, anakusikiliza kama daktari anayesikiliza kikohozi.

Alikuwa fundi umeme wa magari. Injini hakugusa, breki hakugusa, na ukimwambia gari linavuta upande mmoja alikuonyesha kidole upande wa pili wa barabara kwa mafundi wengine. Yeye ni waya tu, betri, taa na fyuzi. Maswali yake yalikuwa yale yale kila siku. Lilianza lini? Kulikuwa na baridi au jua? Ulikuwa unapanda au unashuka? Ulikuwa umewasha nini? Na la mwisho, ambalo hakulisahau hata kwa mteja aliyemjua miaka ishirini: "Nani alilishika kabla yangu?"

Watu walichukia swali hilo la mwisho. Kila mmoja hapa kwetu ni fundi kidogo. Utamkuta mtu ameziba fyuzi kwa karatasi ya pakiti ya sigara, ameunganisha honi kwa waya wa redio, halafu anakuja mbele ya Fundi na uso mkavu anasema hakuna aliyegusa. Fundi hakugombana. Alisema tu, "Basi endelea kukaa mpaka ukumbuke," akaenda kufanya kazi nyingine. Nimewahi kumwona mzee mzima na kofia yake ya Ijumaa amekaa pale kigodani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, ndipo akaguna, "Ni shemeji yangu, alibandika bandika kidogo." Karakana nzima ikacheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Mimi nilikikalia kigoda kile mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa Lushoto. Kwa kweli sidhani kama mwanamke mwingine aliwahi kukikalia.

Niseme kwanza nilivyomfahamu. Niliomba kazi ya kuendesha gari la kukusanya maziwa kwenye chama kimoja cha wafugaji cha upande wa Kwai. Kamati ilikuwa ya wanaume watupu, na mwenyekiti wao aliniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba akasema, "Dada, hii si kazi ya kupeleka watoto shule." Mimi nina mdomo, naujua. Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini Fundi alikuwa hapo hapo uani anabadilisha vichwa vya betri, akasema bila kuinua uso, "Mpakieni madumu yaliyojaa maji, apande nayo mlima wa Magamba na kurudi. Likizima hata mara moja, tafuteni mwanaume." Akaingia mwenyewe kiti cha mbele, akafumba macho njia nzima. Nilidhani amelala. Tulipoteremka akamwambia mwenyekiti, "Huyu anaisikia injini. Wewe huisikii." Nikapata kazi.

Nimwelezee basi jinsi alivyokuwa, maana nikikimbilia aibu yangu nitamwacha nyuma, na nimeshamwacha nyuma mara moja.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sweta la kijani ambalo hakulivua hata mwezi wa pili jua linapochoma. Mezani kwake alikuwa na mita ya kupimia, nzuri, iliyofungwa kwenye kipande cha kanga ya mkewe, lakini aliipenda zaidi taa yake: balbu ndogo ya taa ya nyuma, aliyoiunganisha na nyaya mbili. "Mita inakuambia umeme upo," alisema. "Taa inakuambia umeme una nguvu ya kufanya kazi." Akikuta mtu anasema gari lina jini, alikasirika sana. "Gari halina jini. Lina waya." Ukimsalimia bila shikamoo, na wewe ni mdogo kwake, hakukujibu salamu wala swali la gari, alikungoja tu mpaka ukumbuke adabu. Akifurahi alihamia Kishambaa, akaita kila mwanaume mghoshi, yaani bwana mkubwa, hata mtoto wa darasa la pili.

Na alikuwa na mambo yake ya kuchekesha. Fundi huyu, aliyemfokea mtu kwa sababu ya kiungo cha waya kisichofungwa tepu, nyumbani kwake swichi ya sebuleni ilikuwa inaning'inia, unawasha taa kwa kugusanisha nyaya kwa vidole. Redio yake ilifungwa kwa mpira wa baiskeli. Mkewe alimsema mbele yetu, "Magari ya watu yanawaka kama harusi, mimi hapa naogopa kupigwa shoti na ukuta." Fundi alijibu, "Wewe hujawahi kuja kukaa kigodani ukalalamika." Walikuwa wanataniana hivyo, wazee wale, kila siku ya Mungu. Nikipita kwao na maziwa ya kubaki, nilikuwa naongeza mwendo ili nikasikie leo wanagombania nini.

Jambo moja hakulitania kabisa: fyuzi. "Fyuzi ikikatika imekufanyia wema," aliniambia siku ya kwanza nilipokuja na fyuzi iliyokatika mkononi, nimenuna. "Kuna mahali umeme umezidi. Fyuzi imekufa ili gari lisife. Usiweke kubwa zaidi. Usiweke waya. Ukiweka waya umemfunga mdomo aliyekuwa anakuambia ukweli." Alinishika bega, kitu ambacho hakuwa na desturi ya kukifanya. "Umenisikia, mwanangu?" Nikasema nimesikia, Fundi.

Nilisikia. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Sikukosea kwa kutojua.

Gari letu la maziwa lilikuwa pikapu ya dizeli iliyotumika kwenye nchi za theluji kabla ya kuletwa huku. Mwezi wa saba mmoja, baridi ilikuwa ya kukata masikio, likaanza kunizimikia msituni Magamba asubuhi, madumu yamejaa nyuma. Nafungua boksi la fyuzi, nakuta moja imekatika. Naweka nyingine, linawaka, kesho yake lile lile. Nikifika mjini jua limetoka, halina tatizo lolote. Maziwa hayangojei mtu. Yakichelewa kufika kwenye tangi la kupoozea yanaganda, na akina mama walioamka alfajiri kukamua wanakulaumu wewe dereva, si gari.

Ningekwenda kwa Fundi. Lakini wiki ile mkewe alizidiwa, na Fundi alikuwa amefunga karakana, yuko Bumbuli hospitalini anamuuguza. Kabla ya kuondoka alikuwa amepita chamani kututengenezea taa ya breki, mbio mbio, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ningeweza kumpigia simu. Sikupiga. Fyuzi za akiba ziliniishia, gari limezima kwenye kona, ukungu umeshuka, nikachuna uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya mbovu uliokuwa chini ya kiti, nikauzungusha pale mahali pa fyuzi. Gari likawaka. Nikajiambia ni kwa leo tu.

Ilikuwa kwa wiki tatu.

Siku ya baridi kuliko zote, hapo hapo Magamba, nikasikia harufu ya plastiki, halafu moshi ukatoka chini ya boneti kama wa jiko la kuni mbichi. Nikaruka nje. Maji sikuwa nayo. Nikachukua dumu la maziwa nikamwaga, nikachukua la pili, la tatu. Jamani, nimezima moto kwa maziwa ya watu! Nilikuwa nalia na kumwaga, kumwaga na kulia. Moto ukazima, nikang'oa waya wa betri, nikakaa barabarani na gauni limelowa maziwa.

Mwenyekiti alikuja na pikipiki. Akaangalia nyaya zilizoyeyuka, akaniangalia mimi. Niliona kwenye macho yake maneno yale ya siku ya kwanza, ya kupeleka watoto shule. Akauliza, "Nani alilishika gari hili mara ya mwisho?"

Nikasema, "Fundi umeme."

Haikuwa uongo. Alikuwa ameshika taa ya breki. Nimejitetea kwa sentensi hiyo miaka mingi, najiambia sikusema uongo, niliulizwa nikajibu. Lakini mtu hajidanganyi mpaka mwisho. Mdomo wangu huu mrefu, unaojibizana na makondakta wa Mombo, siku moja uliyotakiwa kusema ulisema maneno mawili na kufunga.

Fundi aliitwa. Alikuja kutoka Bumbuli na sweta lake, hajanyoa ndevu. Kamati imesimama uani. Hakumsikiliza mwenyekiti, alichukua ndoo ya maziwa, akaigeuza juu chini, akaniambia, "Kaa. Lisemee."

Nikakaa.

"Limewahi kuzima kabla ya siku hiyo?"

"Hapana, Fundi."

"Fyuzi imewahi kukatika?"

"Hapana."

"Nani alilishika kabla yangu?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyohema. "Hakuna," nikasema.

Nikangoja aniambie nikae mpaka nikumbuke. Hakuniambia. Alifungua boneti, akainamia boksi la fyuzi, na nikaona vidole vyake vimesimama. Kisha vikachomoa kitu kidogo, vikakitia mfuko wa shati, ndani ya sweta. Hakugeuka kuniangalia. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mzee, kichwa chako kilikuwa Bumbuli kwa mgonjwa, mikono ikawa kwenye gari letu. Ungesema umechoka tungekuelewa." Fundi akasema, "Nitalitengeneza." Hayo tu.

Alilitengeneza kwa siku mbili, waya mmoja mmoja. Halafu akatafuta ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo nilipomwona Fundi akiwa Fundi. Ilikuwa saa sita mchana, jua limetulia, kila kitu kinafanya kazi, fyuzi mpya imekaa vizuri. Mtu mwingine angefunga boneti. Yeye alizunguka gari mara mbili, akaniuliza taratibu, bila ya kamati kuwepo, "Msituni huko asubuhi, baridi ilikuwa kali?" Nikasema kali sana. Akasema, "Nenda shuleni pale, kaninunulie barafu za watoto, zile za ukwaju. Leta nyingi."

Nikaenda, nikarudi na mfuko umejaa. Akazipanga kuzunguka chujio la dizeli, akalifunika kwa gunia, tukangoja. Akawasha. Tak! Fyuzi ikakatika, injini ikazima. Akaweka nyingine. Tak! Kisha akachomoa plagi moja iliyochomekwa kwenye chujio, akaweka fyuzi ya tatu, na injini ikaunguruma bila wasiwasi. "Umeona?" akasema, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Hapa ndani kuna hita. Kule lilikotoka gari, dizeli inaganda, kwa hiyo wanaipasha moto. Kuna swichi inayosikia baridi, ikisikia tu inaiwasha. Hita yenyewe imepiga shoti. Na kuna mtu wa zamani aliiunganisha fyuzi moja na koili inayopitisha dizeli kwenye injini. Kwa hiyo Magamba inaua gari, mjini gari ni zima kabisa." Akaipima hita kwa mita, akanionyesha mshale umelala kabisa upande wa shoti, akaitenga, akaipa koili fyuzi yake peke yake. "Huku kwetu hakuna theluji. Hita hii hatuihitaji." Barafu zilizobaki akazila zote, anafyonza kama mtoto, ananiachia moja.

Nilikula barafu ile. Nilijua kwamba anajua, naye alijua kwamba najua, nikala barafu ya mtu yule na sikusema kitu.

Kamati ilisema amesafisha uchafu wake mwenyewe. Habari zikashuka sokoni kabla ya jioni: Fundi amezeeka, Fundi ameunguza gari la maziwa. Chama kikapeleka gari kwenye karakana mpya kule chini. Malori ya mbao yakafuata, na magari ya serikali yakafuata. Mwaka ulipogeuka, Fundi alikuwa anatengeneza redio na chaja za simu kibarazani kwake, na karakana ikawa duka la mbolea.

Na bado sijafika mahali penye aibu yangu kubwa. Jumapili ile ya baada ya moto nilikwenda Bumbuli kumwona mkewe. Nilibeba machungwa, kama mtu mwema. Fundi alikuwa ametoka kutafuta uji. Yule mama alikuwa amelala, amekonda, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwanangu, nisamehe," akasema. "Mume wangu hakulala siku nyingi kwa ajili yangu. Gari lako limeungua kwa sababu yangu."

Nami nikasema, "Nimekusamehe, Mama."

Nilisema hivyo. Nikamenya na chungwa.

Baada ya hapo niliacha kupita kwao. Kwenda sokoni nilizunguka njia ya juu, nasema ile ya chini ina matope, hata kiangazi. Fundi alinitumia salamu kwa watu: mwambieni dereva, maziwa yanakwendaje? Nilizipokea salamu zake kama mtu anayepokea barua ya mahakama. Miaka ikaenda. Mimi ndiye dereva mkuu wa chama sasa, mwenyekiti yule ananiita "dada yetu" kwenye mikutano, na mwaka huu wamenipa msichana nimfundishe kazi.

Wiki ya tatu tu, msichana yule akaja ofisini na mikono ina grisi. "Shikamoo dada. Fyuzi ilikatika njiani, nikaweka waya. Najua nimekosea. Njoo uangalie kabla halijaungua." Akasema hivyo mbele ya watu wote, mbele ya mwenyekiti, kama anavyosema mvua inanyesha. Mwenyekiti akacheka tu, akasema ni mambo ya vijana. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Kesho yake nilipita njia ya chini.

Walikuwa kibarazani, wanapukuchua maharage, wawili wale wale. Mama amepona zamani, amenenepa hata. Fundi ndiye aliyekwisha. Sweta lile lile sasa linampwaya, na mikono inatetemeka hivi kwamba maharage mengine yanaangukia nje ya ungo. "Shikamoo Fundi. Shikamoo Mama."

"Marahaba. Ni dereva huyo," akasema Fundi, macho bado kwenye ungo. "Mama, mletee kigoda."

Kilikuwa kile kile. Mama akakiweka mbele yake, akasimama pembeni na ganda la haragwe mkononi. Fundi akaweka mikono nyuma, hata akiwa amekaa.

"Kaa. Lisemee."

Nikalisemea. Nilianza Magamba, ukungu, fyuzi ya kwanza. Hakunikatiza. Akauliza, "Limewahi kuzima kabla?" Nikasema lilizima mara tano. "Fyuzi iliwahi kukatika?" Nikasema zote zilikatika. "Nani alilishika kabla yangu?"

"Mimi, Fundi. Niliweka waya. Ulinikataza, nikaweka."

"Nilijua," akasema. "Wangekufukuza siku ile ile. Nikasema utakuja mwenyewe. Nilikupa wiki, halafu nikakupa mwezi." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Umechelewa, mwanangu. Sasa sina pa kupokelea gari."

Mama alikuwa bado amesimama. Akamwangalia mumewe. "Kumbe hukukosea?"

"Nilikwambia si mimi. Nilikwambia hata hospitalini."

"Nilidhani unanipoza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote nimekuangalia na chaja zako hapa, nikasema ni mimi. Laiti ningekufa wiki ile, ungekuwa na karakana yako."

Fundi akasema, "Ee Mama, nyamaza," lakini mkewe hakunyamaza. Alinigeukia mimi, na nikajua anachokikumbuka, kwa sababu nami nilikuwa nakikumbuka.

"Wewe ulikuja Bumbuli. Na machungwa."

"Ndiyo, Mama."

Fundi akainua kichwa. Hilo hakuwa analijua.

"Nilikuomba msamaha."

"Uliniomba, Mama."

"Ukasema umenisamehe."

Nikasema, "Nilisema hivyo."

Akavuta mkeka, akakaa chini mbele yangu taratibu, jinsi watu wazima wanavyokaa, akaweka mikono yote miwili mapajani.

"Basi nirudishie msamaha niliokuomba," akasema, na akangoja.